Mwezi Uliolala Chali

Nyota zote za ule ukuta zilitoka kwenye mswaki wa Bibi Mbeyu.

Ulikuwa mswaki wa mti, urefu wa kidole cha shahada, na kwa kutafunwa siku nyingi ncha yake ilikuwa imefumka nyuzi nyuzi. Mjukuu wake, Twaiba, aliuomba asubuhi moja kabla ya kwenda shule, akauosha kwa maji ya moto, akaufunga kwenye karatasi. Huko shuleni akauchovya katika chokaa, akaupitishia dole gumba, chokaa ikaruka vitone vitone juu ya rangi nyeusi, ile ya kupakia ubao. Mahali palipokuwa giza tupu pakawa mbingu.

Aliporudi na kusimulia, Bibi alicheka mpaka akajishika kiuno.

"Kumbe meno yangu haya mabovu bado yana kazi!"

"Si meno, Bibi, ni mswaki."

"Na mswaki ulitafunwa na nani? Paka?"

Walikuwa wakikaa wawili tu, hapo Kibuyuni, katika nyumba ya mwisho kabla ya kufika kwenye chanja za kuanikia mwani. Hanifa, mama yake Twaiba, alikuwa akifua mashuka katika hoteli moja ya Diani, na nyumbani alikuja mwisho wa mwezi. Bibi alikuwa mkulima wa mwani. Bamvua ikifika, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji yakatoka mbali, yeye na wenzake hushuka kufunga mbegu kwenye kamba. Mwani uliofungwa bamvua hii huvunwa bamvua ya tatu baada yake. Na kabla mwani haujaletwa huko, bamvua hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ikimshusha mwambani kutafuta pweza na kome. Kwa hiyo Bibi hakuhitaji kalenda ukutani. Mwezi ulikuwa juu, yeye alikuwa chini, wakifanya kazi moja.

Twaiba alikuwa gredi ya sita. Bibi alisema darasa la sita, hayo ya gredi hakuyazoea. Tangu mkono wa mtoto huyo ujue kushika mkaa, alikuwa akichora vitu vya juu. Alichora kwenye magunia ya mwani, nyuma ya karatasi za zamani, kwenye mchanga maji yakishatoka. Wala si mbuzi na nyumba kama watoto wengine. Alichora sayari zenye pete, na mawe yanayoelea bila kushikwa na kitu, na siku moja aliichora dunia kama ambavyo mtu angeiona akiwa amesimama mwezini: duara la buluu, mawingu yamelizunguka kama povu.

"Na sisi tuko wapi hapo?" Bibi aliuliza.

"Hapa, Bibi. Chini ya hili wingu."

Bibi aliishika ile karatasi muda mrefu, akilitafuta paa lake. Alijua halingeonekana. Alitafuta tu.

Picha hizo zilimfikia Mwalimu Garama, mwalimu wa sayansi, kijana mtulivu wa upande wa Kinango. Shule ilikuwa imejengewa chumba kipya cha sayansi, na wageni wa elimu kutoka Kwale wangekuja kukifungua siku ya Alhamisi, wiki tatu mbele. Mwalimu akampa Twaiba ukuta mzima wa ndani. "Tuwekee mbingu," alimwambia. Siku hiyo mtoto hakumaliza wali wake kwa furaha.

Rangi zilitafutwa kila mahali. Buluu ilikuwa masalio ya kopo la fundi Chirau, aliyekuwa akipaka mashua. Sayari nyekundu ilipakwa kwa udongo wa Mkongani, ambao Esha, jirani na shoga wa Bibi, aliletewa na wifi yake ndani ya kopo la majarini. "Mwambie huyo mtoto," alisema Esha, "wifi yangu analima muhogo kwenye sayari hiyo."

Ikabaki kona moja. Hapo Twaiba alitaka kuiweka Kibuyuni yenyewe, jioni, na mwezi mchanga juu ya minazi.

"Bibi, mwezi wa siku moja huwaje hasa?"

Bibi alikuwa akigeuza mwani juu ya chanja. Aliokota kifuu cha nazi, akakiweka mchangani, mdomo juu.

"Hivyo. Hulala chali, kama kifuu kinachongoja kutiwa maji. Miezi mingine huinama kidogo huku, mingine huinama kule. Lakini kusimama wima, sijapata kuuona."

"Hata mara moja?"

"Mara moja ya nini, mjukuu wangu? Mwezi huo ulikuwa ukinitoa nyumbani kabla mama yako hajazaliwa."

Twaiba akauchora vile vile, umelala.

*

Alhamisi, ikiwa imebaki wiki moja wageni waje, Twaiba alirudi akitembea kama mtu mwenye mwiba mguuni. Alikaa kizingitini bila kuvua viatu.

"Mwalimu amesema mwezi wangu umeanguka."

"Umeanguka vipi?"

"Amesema mwezi mchanga husimama, kama mundu uliotundikwa. Amenionyesha kitabuni, na kweli, Bibi, umesimama. Nikamwambia bibi yangu amesema hulala. Wenzangu wakacheka. Ziro akasema, 'Bibi yako anautazama mwezi akiwa yeye kitandani.'"

"Mwalimu naye akasemaje?"

"Akawanyamazisha. Lakini ameniambia niurekebishe kesho, wageni wasije wakatuona hatujui." Aliinua uso. "Bibi, ni upi? Unalala au unasimama?"

Swali lilikuwa jepesi. Hata mtoto wa miaka mitatu wa Kibuyuni angelijibu kwa kutoka nje na kungoja. Lakini Bibi Mbeyu alisoma mpaka darasa la tatu, hakuendelea. Mama yake alizaa pacha, na mtu wa kumpakata mmoja alihitajika nyumbani. Tangu hapo kitabu kwake kilikuwa kama nyumba ya wenyewe: huingii bila hodi, na ukikaribishwa hukai mpaka uonyeshwe kiti. Akawaona wale wageni wa Kwale wakiuelekezea ukuta vidole. Akamwona Twaiba amesimama mbele yao, ameinamisha kichwa kwa sababu ya maneno ya mkongwe wa darasa la tatu.

"Mfuate mwalimu," alisema.

"Lakini ulisema hujapata kuuona..."

"Mimi mtu mzima, macho yangu ya zamani. Kitabu kimeandikwa na waliosoma."

"Bibi..."

"Twaiba. Mfuate mwalimu."

"Haya, Bibi," alisema mtoto. Aliisema kama mtu anayetua ndoo.

Alfajiri ya Ijumaa Bibi alitoka na birika kwenda kutawadha. Upande wa mashariki, juu ya paa la Esha, ulikuwapo mwezi unaokwisha, mwembamba kama ukucha. Ulikuwa umelala chali.

Maji ya birika yakammwagikia miguuni, hana habari. Mlango ulikuwa hatua tatu nyuma yake, na nyuma ya mlango mtoto alikuwa amelala. Angeweza kumwita. Akajiambia, mwache alale, nitamweleza akiamka. Alipoamka alimpa chai na mahamri mawili, akamfunga mtandio, akamwangalia akienda. Hakumweleza.

Kufikia adhuhuri Twaiba alikuwa ameufunika mwezi wake kwa rangi nyeusi, kwa mkono wake mwenyewe, na kusimamisha mwingine.

*

Jumapili bamvua ilifika, maji yakatoka. Wanawake walikuwa wameinama kwenye safu za vigingi, kila mtu na kamba zake. Esha alikuwa safu ya pili.

"Shoga, una nini leo? Kamba hiyo umeifunga mara mbili."

Bibi Mbeyu akamweleza yote, pamoja na ile ya alfajiri. Esha akanyooka, mkono kiunoni.

"Wewe, Mbeyu! Wewe umemwambia mtoto mwezi unasimama? Si ungemwambia na pweza anapanda mnazi!"

"Kitabu ndicho kilichosema."

"Kitabu hicho kimepata kufunga mwani?"

"Esha, usinicheke. Niliogopa wasije wakamcheka yeye."

Esha akaacha kucheka. Akainama tena, akafunga vifundo viwili vitatu kabla ya kusema. "Mwezi utaandama kesho, shoga yangu. Na mtoto ana macho."

Jumatatu, baada ya magharibi, Twaiba alikwenda kufunika mwani kwa turubai, umande usiuharibu. Bibi alimfuata taratibu. Walikuwa na kawaida yao, hao wawili, tangu Twaiba ajue kusema: mwezi ukiandama, mtoto ndiye anayepiga kelele, "Bibi, mwezi!" Bibi husoma dua, mtoto huitikia amina, kisha huulizana nani ameuona kwanza, na mtoto hushinda kila mara.

Jioni hiyo hapakuwa na kelele. Bibi alimkuta amesimama, turubai mkononi, macho juu ya minazi.

"Mwezi wa heri na uongofu, inshallah," alisema Bibi.

Amina ilichelewa, ikaja kwa sauti ndogo.

"Umelala," alisema Twaiba.

"Umelala."

"Ulikuwa unajua?"

Mtu mzima hakosi njia ya kupitia. Angeweza kusema alisahau, angeweza kusema mwezi una mambo yake. Bibi Mbeyu alizitazama njia zote hizo na hakuona hata moja ambayo akiipita angemkuta mtoto huyo upande wa pili.

"Nilijua," alisema. "Na Ijumaa alfajiri niliuona tena, kabla hujakwenda kuufuta. Nikanyamaza."

"Kwa nini, Bibi?"

"Nilikiogopa kitabu."

Laiti Twaiba angelia, kazi ingekuwa nyepesi. Hakulia. Alitandika turubai, akaweka mawe pembe zote nne, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na kile kikaratasi chake. Akautoa mswaki, umekauka chokaa, akauweka kwenye kiganja cha bibi yake.

"Nikichora nilichokiona, ni makosa. Nikichora nisichokiona, ni uongo," alisema. "Basi mimi sichori tena."

*

Siku ya pili, kazi ya pwani ilipokwisha, Bibi Mbeyu alioga, akajitanda leso zake za Idi, akaenda shule. Miaka zaidi ya hamsini ilikuwa imepita tangu mguu wake uvuke mlango wa darasa. Watoto walikuwa wameshatoka. Alisimama nje ya chumba cha sayansi, akabisha hodi mara tatu, ingawa mlango ulikuwa wazi.

"Karibu, karibu! Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Mimi ndimi bibi yake Twaiba. Yule anayeutazama mwezi akiwa kitandani."

Mwalimu Garama alitaka kucheka, akaona aibu, mwisho akasema, "Watoto hawa, Bibi. Tusamehe." Akamsogezea kiti. Bibi hakukaa. Alikuwa ameuona ukuta.

Alikuwa amesimuliwa kila siku kwa wiki mbili, lakini kusimuliwa mbali, kuona mbali. Giza lilianzia sakafuni likapanda mpaka darini, na ndani yake vile vitone vya mswaki wake, vingine vikubwa, vingine kama vumbi la unga. Udongo wa Mkongani ukawa duara linalong'aa kama kaa la moto. Dunia ya buluu ilikuwa pale pale na mawingu yake. Na kando kulikuwa na jambo ambalo hakusimuliwa: jua, mwezi na dunia katika mstari mmoja, na bahari ya dunia imevimba pande mbili, kana kwamba imeshikwa ikavutwa. Chini yake kulikuwa na neno. Bibi akalisogelea, kidole mbele.

"Ba... mvu... a."

"Bamvua," alisema mwalimu.

Pembeni palikuwa na picha nyingine, mwezi umehama mstari, umekwenda upande, na bahari imetulia. Maji mafu.

"Nieleze, mwanangu."

"Mwezi huivuta bahari, Bibi, na jua nalo huivuta. Yakiwa mstari mmoja yanavuta pamoja, ndiyo bamvua. Mwezi ukienda upande, kila mmoja anavuta kwake, maji hayaendi mbali."

"Na mwezi mpevu?"

"Nao uko kwenye mstari, ila kwa upande wa pili. Ndiyo maana mwezi mchanga una bamvua, na mpevu una bamvua."

Bibi Mbeyu aliweka kiganja ukutani. Alikuwa akijua, tangu ujana wake, kwamba bahari humtii mwezi aliyejaa na humtii mwezi aliye mtupu. Ilikuwa imemkalia kama kitendawili alichokosa mtu wa kumtegulia, mpaka akaacha kuuliza. Sasa jawabu lilikuwa hapo, kimo cha macho yake, limeandikwa kwa rangi ya mashua.

"Hii imetoka kitabuni?"

"Hapana. Kitabuni ni maneno. Nilieleza darasani mpaka nikakauka koo, hapana aliyeelewa, na mimi mwenyewe nikaanza kubabaika. Ndipo Twaiba akaniuliza, 'Mwalimu, nikisimama mwezini nikaitazama bahari, nitaiona imevimba?' Nikaenda kusoma, nikarudi, naye akachora. Siku hiyo darasa zima lilielewa, na mwalimu wao pia."

Alisema hayo huku akitabasamu, kisha akaendelea, maana alikuwa amefikishwa kwenye jambo analolipenda. "Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani, Bibi. Kabla mtu hajakanyaga mwezini, kulikuwa na wachoraji waliouchora kwa kukisia. Watoto wakaziona picha hizo, wakakua wanataka kwenda, na wengine ndio waliokuja kuwa wataalamu wa vyombo vya angani. Walikosea mengi, hao wachoraji. Milima ya mwezini waliichora ina ncha kali kama meno ya papa. Watu walipofika wakaikuta imeviringana kama migongo ya ng'ombe."

"Wakafanya nini na zile picha?"

"Wakachora nyingine."

Bibi aliyatafuna hayo polepole. Kwenye kona, juu ya minazi ya Kibuyuni, mwezi ulikuwa umesimama wima, mweupe, safi, kazi ya mkono mzuri. Haukumkera kama alivyodhani. Ulimsikitisha, kama mtoto aliyesimamishwa mbele ya watu.

"Mwanangu," alisema, "leo baada ya magharibi njoo kwangu unywe chai. Mwezi utakuwa wa siku ya pili."

Mwalimu alimtazama, akautazama ukuta. "Bibi, unataka kunionyesha kwamba..."

"Nataka unywe chai."

*

Alikuja, kitabu kwapani. Bibi alikuwa ametandika mkeka nje, upande wa chanja. Twaiba akamwamkia mwalimu wake, akaweka chai ya tangawizi na sahani ya vitumbua, akakaa mbali kidogo, mikono mapajani. Mwezi ulikuwa hapo juu ya minazi, umelala chali, umeinama kidogo upande mmoja kama bakuli lililowekwa kwenye mchanga.

Mwalimu Garama alikifungua kitabu, akautafuta ukurasa. Aliutazama, akatazama juu. Kisha akakigeuza kile kitabu ubavu, taratibu, mpaka mwezi wa kitabuni ukalala kama ule wa juu.

"Aa," alisema.

Akanywa chai, akakiweka kikombe chini.

"Mimi nimechunga mbuzi wa baba yangu kule Kinango mpaka nikamaliza shule ya msingi. Babu yangu Mwinga alikuwa akituambia, mwezi ukilala sawa umeshika maji, ukiinama umeyamwaga. Nimeuona hivi utoto wangu wote, Bibi. Halafu nikasoma, nikaacha kuinua kichwa."

"Basi tuko wawili," alisema Bibi. "Mimi sikusoma, na kichwa nikakiinamisha vile vile."

"Na kitabu kimesema uongo?" Twaiba aliuliza, mara ya kwanza kufungua kinywa.

Mwalimu alitikisa kichwa. "Hapana. Aliyeichora picha hii anakaa mbali, kaskazini. Huko kwao mwezi husimama kweli. Kwetu sisi, karibu na mstari unaoigawa dunia, hulala. Yeye alichora alichokiona kwao."

"Labda naye ana bibi aliyemwonyesha," alisema Bibi.

Mwalimu alicheka, kisha akamgeukia mwanafunzi wake. "Twaiba, mimi ndiye niliyeuangusha mwezi wako. Nisamehe. Kesho uurudishe kama ulivyokuwa."

Twaiba alivuta uzi wa mkeka. "Wewe sikukukasirikia, Mwalimu. Wewe ulikuwa hujauangalia."

Bibi Mbeyu aliyapokea maneno hayo yalivyokuja. Akafungua pindo la leso yake, akautoa mswaki wenye chokaa kavu, akauweka mkekani, katikati yao.

"Kesho nitakuja mimi shuleni," alisema. "Nitaulaza mwezi kwa mkono wangu."

"Wewe, Bibi? Hujui kuchora!"

"Sijui."

"Ziro atakucheka. Darasa zima litakucheka."

"Watacheka. Wewe huna haja ya kushika kitu. Utakaa tu uniangalie."

*

Jumatano asubuhi maji yalikuwa yametoka mbali kuliko siku zote za wiki hiyo, na Bibi Mbeyu hakushuka pwani. Esha alimsimamisha njiani.

"Nenda. Kamba zako nitazifunga mimi. Lakini ukirudi bila chokaa mikononi usinisalimie."

Darasa lilikuwa limejaa. Mwalimu Garama alikuwa ameshaufunika ule mwezi uliosimama, na juu ya minazi paliachwa peusi. Bibi alibisha hodi, safari hii mara moja. Watoto wakasimama, "Shikamoo, Bibi!" Akaitikia, akapita katikati yao. Ziro, kijana mrefu wa kiti cha nyuma, hakujizuia.

"Bibi, umekuja na kitanda?"

"Nimekiacha nyumbani, baba. Leo nimekuja na mwezi. Kitanda nitakuletea wewe, naona unasinzia."

Darasa likaangua kicheko, na kicheko hicho kilikuwa cha upande wake. Akachovya mswaki. Mkono huo ulikuwa umefunga vifundo visivyo na hesabu ndani ya maji ya chumvi, lakini chokaa haukuizoea. Kwenye kizingiti Twaiba alisimama, amefumbata mikono kifuani, hajaingia wala hajatoka.

Bibi akaanza. Chokaa ilikuwa nyepesi, ikamchuruzika. Alianza kushoto, akashuka, akapanda, na alipofika mwisho ikaonekana kwamba huo haukuwa mwezi. Ulikuwa muhogo uliopinda. Mtoto mmoja mbele akaziba mdomo kwa viganja viwili. Bibi alirudi nyuma hatua moja, akaangalia kazi yake, akatikisa kichwa.

"Mwalimu, hata meno ya papa yalikuwa afadhali."

Akachovya tena, akaenda kurekebisha, na muhogo ukazidi kunenepa. Hakugeuka kumtafuta mjukuu wake kwa macho. Aliendelea tu, polepole, kama mtu anayejua kwamba maji yana wakati wake wa kurudi na hayaharakishwi.

"Bibi, si hivyo."

Twaiba alikuwa nyuma yake.

"Umeuinamisha siko. Jana uliinama huku. Na tumbo ni nene mno, ni wa siku moja huu, si wa siku tano."

"Basi niongoze."

Mkono mdogo ukaja juu ya mkono wake, ukaushika. Wakashuka pamoja, wakapanda pamoja, mara moja, mstari mwembamba. Kisha Twaiba akatazama, akakunja uso kama afanyavyo anapofanya hesabu, na bila kusema akaanza kuuvuta ule mswaki kutoka katikati ya vidole vya bibi yake.

"Nipe."

Bibi Mbeyu akampa.

Akakaa kwenye dawati la mbele, mahali ambapo mtoto mmoja alimpisha, akautazama mgongo wa mjukuu wake ukiinama na kunyooka. Muhogo ukafutwa. Mwezi ukalala. Mwalimu alitaka kusema neno, Bibi akajiwekea kidole mdomoni kumzuia.

Aliporudi Kibuyuni maji yalikuwa yamekwisha kurudi, na wanawake walikuwa kwenye chanja. Esha alimshika mikono, akaigeuza viganja juu, akaviona vile vitone vyeupe vilivyokauka mpaka kwenye vifundo vya vidole.

"Salaam aleikum, shoga," alisema.